Kujisomea Kijerumani Kuze: Mwendo ni wa Nani?

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi. Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz, walishuhudia. Waliotia saini ni Musalia Mudavadi wa Kenya na Nancy Faeser, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani. Muda si muda zikatangazwa habari kwamba Wakenya 250,000 wamefunguliwa milango ya ajira. Wizara ya Faeser ikakanusha hadharani: mkataba hauna idadi wala mgao wowote, na kila mwombaji atapimwa kwa sheria zilezile za uhamiaji. Kanusho lilipofika, wengi walikuwa wameshaamini walichokisikia mwanzo.

Tangu hapo Kijerumani kimekuwa mazungumzo ya barazani Mombasa. Vituo vya lugha vinaahidi kiwango cha B1 kwa miezi michache. Programu za simu zinaahidi lugha nzima kwa dakika kumi kwa siku. Katika mitaa ya Mji wa Kale, Kuze ukiwa mmojawapo, ambako simu ndiyo darasa lililo karibu kuliko yote, kinachoulizwa ni hiki: mtu anayeanza kutoka sifuri anaweza kuimudu sarufi ya Kijerumani kwa kujisomea, kwa mwendo wake, bila mwalimu? Wako wanaoapa kwamba inawezekana na wako wanaoapa kwamba ni kupoteza wakati. Wote wana haki kidogo. Wanachobishania hasa ni mambo matatu yaliyofungwa kitita kimoja: kiwango kinachotakiwa, sarufi yenyewe, na nani anayesahihisha.

Kila mlango na ngazi yake

Hakuna kitu kimoja kiitwacho Kijerumani cha kwendea Ujerumani. Kuna ngazi sita zilizowekwa na Baraza la Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, na kila aina ya viza inataka ngazi yake. Mke au mume anayemfuata mwenziwe hutakiwa kuonyesha A1 kabla ya kupewa viza, ukiondoa makundi machache yaliyosamehewa. Sheria hiyo ni ya mwaka 2007. Kwa pwani hii, ambako ndoa za wenyeji na Wajerumani si jambo jipya, huo ndio mlango uliozoeleka. Anayekwenda kukaa na familia na kulea watoto kwa mpango wa au pair naye huombwa A1. Chancenkarte, kadi ya kwenda kutafutia kazi iliyoanza Juni 2024, hukubali A1 ya Kijerumani au B2 ya Kiingereza, lakini humtaka mwombaji awe na shahada, au mafunzo ya kazi ya miaka isiyopungua miwili, vinavyotambuliwa katika nchi alikosomea. Mafunzo ya kazi ya kule, Ausbildung, kwa kawaida huhitaji B1. Muuguzi anayetaka kusajiliwa kuwa muuguzi kamili huhitaji, aghalabu, B2.

Umbali kati ya ngazi na ngazi ni wa saa nyingi. Taasisi ya Goethe, ambayo mitihani yake ndiyo inayojulikana zaidi hapa nchini, inakadiria vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45 ili kufika A1, na 350 hadi 650 ili kufika B1. Tupige hesabu. Anayejisomea nusu saa kwa siku atafika A1 baada ya miezi minne hadi kumi, na B1 baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili na miezi minane. Hiyo ni nusu saa ya kila siku bila kukosa, Ramadhani, Idi, harusi na matanga vikiwemo. Kituo kinachoahidi B1 kwa miezi mitatu kinamzungumzia mtu anayesoma saa tatu hadi tano na ushei kila siku ya Mungu. Watu wa namna hiyo wapo, ila si wengi wenye mtoto wa kulea au duka la kufungua asubuhi.

Mtihani wa A1 wenyewe hautishi. Ni dakika 20 za kusikiliza, 25 za kusoma, 20 za kuandika, kisha mazungumzo ya kama robo saa katika kikundi. Alama 60 kwa 100 zinatosha kupita. Katika kuandika, mtahiniwa hupewa fomu yenye mapengo matano ya kujaza habari, halafu huandika ujumbe mfupi wa maneno yapatayo thelathini. Katika kuzungumza hujitambulisha: jina, umri, nchi, anakokaa, lugha anazojua, kazi, anachopenda kufanya. Hutamka herufi za neno moja moja, hutaja namba, huuliza na kujibu kwa kadi zenye neno au picha.

Hakuna hata swali moja lisemalo: jaza der, die au das. Sarufi haipimwi peke yake. Imejificha ndani ya ujumbe wa maneno thelathini na ndani ya ombi ambalo mtahiniwa anamwelekezea mwenzake mezani. Mazoezi ya simu, kwa upande mwingine, mengi ni ya kujaza mapengo au kuchagua jibu. Hapo tayari pana mwanya.

Panapokaba

Mtu wa Kuze haingii kwenye Kijerumani mikono mitupu. Nyumbani ana Kimvita, shuleni amepata Kiswahili sanifu na Kiingereza, madrasa amesoma Kiarabu cha Kurani na, kama alifika mbali, nahau, yaani sarufi yake. Vitabu na programu za kujisomea, karibu zote anazozipata, zinamchukulia kama Mwingereza. Gharama ya jambo hilo haionekani mpaka mtu azitazame sehemu tatu za sarufi zinazowasumbua wanaoanza.

Ya kwanza ni jinsia. Kila nomino ya Kijerumani ina moja ya jinsia tatu, na kijineno kinachoitangulia hufuata: der Baum, mti, die Tür, mlango, das Haus, nyumba. Maelezo ya Kiingereza huligeuza jambo hili kuwa ajabu ya dunia. Mswahili hana haki ya kustaajabu. Lugha yake ina ngeli nyingi kuliko hizo, nazo hutawala kivumishi, kiwakilishi na kitenzi: mti mrefu umeanguka, kiti kirefu kimeanguka. Wazo kwamba nomino ina kundi lake, na kwamba maneno mengine huifuata, analo tangu hajaota meno. Taabu yake iko kwingine. Nomino nyingi za Kiswahili hutangaza ngeli yake mwanzoni kabisa. Baum haitangazi lolote. Dalili zipo, kwani maneno yanayoishia na -ung, -heit na -keit huwa die, na yanayoishia na -chen huwa das, hata Mädchen, msichana. Yaliyobaki ni ya kukariri, neno na kijineno chake pamoja, kama vile ni neno moja. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu kuliko ya akili.

Ya pili ni hali za nomino, na hapa ndipo wengi hufunga kitabu. Tuichukue sentensi moja: Ich gebe dem Kind den Ball. Ninampa mtoto mpira. Kiswahili kimeitia kazi yote ndani ya kitenzi. Ile -m- imeshasema kuna mtu anayepewa. Kijerumani kimeibandika kazi hiyo kwenye vijineno: dem kwa anayepewa, den kwa kinachotolewa. Sasa, yeyote aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ameulizwa jambo hili katika karatasi ya Kiswahili. Shamirisho kipozi ni lipi? Mpira. Shamirisho kitondo ni lipi? Mtoto. Kipozi huenda Akkusativ, kitondo huenda Dativ. Kanuni hii ina pembe zake zisizokaa sawa, kwa mfano helfen, kusaidia, ambacho humweka anayesaidiwa kwenye Dativ. Lakini kwa anayeanza hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Zaidi ya hapo, katika umoja Akkusativ hubadilisha kijineno cha kiume peke yake: der huwa den, ilhali die na das hukaa vilevile. Nusu ya hofu ya wanafunzi haina sababu.

Aliyesoma Ajurumia madrasa ana mlango mwingine. Kitabu hicho kidogo cha Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Fez aliyefariki 1323, kimesomeshwa pwani hii kizazi baada ya kizazi, na aliyekipitia anajua marfuu, mansubu na majruri, hali tatu za nomino ya Kiarabu. Anajua kwamba fi, min na ila huilazimisha nomino inayofuata kuwa majruri. Basi mit, bei, von, zu, aus na nach hufanya hivyohivyo, huitia nomino kwenye Dativ: mit dem Bus, kwa basi. Mlinganisho huu una kikomo, maana Kiarabu hakina Dativ na irabu zake hukaa mwishoni mwa neno, si mbele. Hata hivyo, wazo kwamba neno dogo linaweza kulitawala neno linalofuata, analo. Inasikitisha kwamba kijana anaweza kulishinda darasa zima kwa nahau saa kumi alasiri, kisha usiku akaambiwa na simu kwamba hali za nomino ni kitu ambacho hajapata kukiona.

Ya tatu ni mahali pa kitenzi, na hapa si ngeli wala nahau inayomwokoa. Katika sentensi ya kawaida ya Kijerumani, kitenzi kinachobeba nafsi na wakati hukaa nafasi ya pili, iwe iwavyo. Leo ninakwenda sokoni: Heute gehe ich zum Markt. Ukianza na leo, kitenzi kinamruka mtendaji. Karibu kila anayeanza huandika Heute ich gehe. Kisha kuna vitenzi vinavyokatika vipande viwili: Ich rufe dich morgen an, nitakupigia simu kesho, ambapo rufe liko nafasi ya pili na an limepelekwa mwisho wa sentensi.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jürgen Meisel, Harald Clahsen na Manfred Pienemann waliwachunguza wahamiaji kutoka Italia, Hispania na Ureno waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani na kuiokota lugha bila darasa. Waliona kwamba mpangilio wa maneno huja kwa hatua zinazofuatana kwa utaratibu uleule. Kwanza mtendaji, kitenzi, mtendwa. Halafu neno la wakati hutangulizwa bila kitenzi kuhama, lile kosa la Heute ich gehe. Kisha kitenzi hupasuliwa na sehemu ya pili kupelekwa mwisho. Baada ya hapo ndipo mtu hugeuza, kitenzi kikamtangulia mtendaji. Mwisho kabisa hukiweka kitenzi mwishoni mwa kishazi tegemezi. Mwaka 1984 Pienemann alichapisha matokeo ya kuwafundisha watoto wa Kiitalia ile hatua ya kugeuza: aliyekuwa ameikaribia alifaidika, aliyekuwa mbali nayo hakufaidika.

Matokeo hayo yamekuwa yakibishaniwa kwa undani wake, lakini kiini chake kinaligusa swali letu moja kwa moja. Zipo sehemu za sarufi ambazo mwalimu hawezi kuziharakisha, na zipo nyingine, kama jinsia za nomino, ambazo hutegemea tu mtu amerudia mara ngapi.

Hoja ya wanaotetea simu

Kujisomea lugha kwa mwendo wako si uzushi wa zama za simu, na Wajerumani wenyewe ni wazee wa kazi hiyo. Mwaka 1856 Gustav Langenscheidt na mwalimu wa Kifaransa, Charles Toussaint, walianza kutoa mjini Berlin masomo ya Kifaransa yaliyotumwa kwa barua, ili mtu ajifunze akiwa kwake. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu jinsi tunavyosahau. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza sanduku la kadi lenye vyumba: kadi uliyoijua inasogea chumba cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu, uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Programu za kadi zilizomo kwenye simu leo ni sanduku la Leitner lililotiwa betri.

Kwa jinsia za nomino sioni njia iliyo bora kuliko hii. Maneno ya A1 ni mia sita na ushei. Kuyarudia pamoja na vijineno vyake, kidogo kidogo, kila siku, ni kazi ambayo darasa la watu ishirini haliwezi kumfanyia mtu mmoja mmoja. Gharama nayo ni ndogo. Deutsche Welle, ambayo idhaa yake ya Kiswahili imekuwa hewani tangu 1963, inatoa bure kozi ya Nicos Weg, iliyojengwa juu ya filamu, kutoka A1 hadi B1. Anayetaka anahitaji simu na bando.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kwa mama mwenye watoto wadogo, au binti ambaye nyumbani kwao hawapendi atoke usiku, mwendo wake mwenyewe ndio mwendo pekee alionao. Kumwambia aende darasani ni kumwambia asijifunze. Wanaoibeza simu husahau kwamba mtihani wa A1 wa viza ya ndoa huwaangukia zaidi watu wa namna hii.

Udhaifu uko kwenye mazoezi yenyewe. Simu huandika: Ich fahre mit … Bus, kisha hutoa den, dem, der. Kidole kinagusa dem, rangi ya kijani inawaka, na mtu anajiona anajua Dativ. Mpe mtu huyohuyo karatasi tupu, mwambie amweleze rafiki yake kwamba kesho atakuja kwa basi pamoja na dada yake, na atakaa kalamu mkononi. Robert DeKeyser alilijaribu jambo hili mwaka 1997 kwa lugha ndogo ya kubuni. Waliofanya mazoezi ya kuelewa waliendelea sana katika kuelewa, waliofanya mazoezi ya kutunga waliendelea katika kutunga, na ujuzi haukuvuka kwa wepesi kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Zoezi hukufundisha lile unalolifanya ndani yake. Anayechagua majibu anajifunza kuchagua majibu.

Halafu kuna neno lenyewe, mwendo wako. Programu husonga mbele kwa kuhesabu miguso iliyo sahihi. Haijui kama umefika hatua ya kugeuza kitenzi au bado. Nyingi pia zimetengenezwa ili urudi kesho, na ile hesabu ya siku mfululizo, ambayo watu huilinda kwa wivu, hupima uaminifu kwa programu. Mwenye siku 200 mfululizo anaweza kuwa hajawahi kuandika sentensi moja yake mwenyewe.

Hoja ya darasa

Mwalimu huona kosa. Huo ndio uzito wote wa darasa, na ni mkubwa. Mwanafunzi akiandika Heute ich gehe mara tatu katika ujumbe mmoja, mwalimu mwenye macho anajua yuko hatua gani na nini kinafuata. Simu ingemwekea alama nyekundu tu, kama ingemuuliza kabisa. Darasa pia lina watu wa kuzungumza nao, na mtihani wa A1 wa kuzungumza hufanywa mbele ya wengine. Aliyejizoeza peke yake chumbani hupigwa na butwaa pale mgeni anapomtolea kadi na kumngoja aulize. Na kulipa ada humtia mtu adabu ambayo hiari haiwezi.

Lakini wanaolitetea darasa hulizungumzia darasa la ndotoni. Taasisi ya Goethe yenyewe iko Nairobi. Vituo vya mjini Mombasa vinatofautiana mno, na mtu aliyefaulu B1 jana anaweza kusomesha A1 leo. Kijerumani kimo kwenye mitihani ya KCSE, ila shule zinazokisomesha ni chache, na aliyekwisha kuondoka shuleni hilo halimfai. Darasa nalo lina mwendo wake: sura ya tano husomwa wiki ya tano, awepo aliyeielewa ya nne au asiwepo. Kama Pienemann yuko sahihi, hapo mwanafunzi hulipia saa nyingi za kufundishwa hatua ambayo hajaifikia. Na maelezo, hata darasani Mombasa, mara nyingi hutolewa kwa Kiingereza, kwa hiyo ngeli na kitondo na majruri hukaa nje ya mlango vilevile.

Kijerumani cha kusikia

Kuna upande wa tatu, ambao haujiiti upande. Ni wa wale waliokiokota Kijerumani kwa watalii, kwenye fukwe za Nyali, Bamburi na Diani, au kwa kuwazungusha wageni kati ya Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale. Hawakufungua kitabu. Masikio yao yametengenezwa, hawana haya, na Mjerumani huwaelewa bila shida. Wakisema sarufi ni anasa wana ushahidi wao.

Kinachowakwamisha ni maandishi. Aliyezoea kusema bila vijineno na kueleweka hana sababu ya kuvitafuta, na kosa lililotumika miaka kumi na kuleta riziki haling'oki kwa urahisi. Larry Selinker alilieleza jambo hili mwaka 1972: ujuzi wa lugha huweza kuganda kabla haujakamilika. Kwa A1 mtu wa aina hii akijifunza kujaza fomu na kuandika ujumbe mfupi hupita. Kwa B1, ambako ataandika barua pepe na kutoa maoni yake kwa maandishi, atalazimika kurudi nyuma.

Mfano wa kinyume upo Mombasa hapahapa. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani kutoka karibu na Tübingen, alifika Mombasa mwaka 1844 wakati hapakuwa na kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa. Miaka sita baadaye alikichapisha kimoja huko Tübingen. Husimuliwa kama mtu aliyejifunza mwenyewe, na kweli alijifunza kwa mwendo wake. Ila tangu mwaka wake wa kwanza alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, alikuwa na kadhi wa Mombasa wa kumsaidia. Alikuwa na sikio, kalamu, na mwenye lugha wa kumwambia hapa umekosea. Kitabu ndicho alichokikosa, na hakikumzuia.

Kupima

Ukiziweka pande hizi pamoja, utaona kwamba upweke wa mwanafunzi siyo tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayeyasoma anayoyaandika, na kwamba zana anazotumia hazimjui ni nani. La kwanza lina dawa ya bei nafuu kuliko ada ya darasa zima. La pili halihitaji fedha hata kidogo, linahitaji mtu wa kukaa chini na kuandika kurasa arobaini za sarufi ya Kijerumani kwa Kiswahili, akitumia kipozi na kitondo, ngeli na upatanisho, na kando yake nahau kwa aliyeisoma. Mwalimu wa Kiswahili aliyefika B1 anaweza. Kama ingekuwa lazima kuchagua kitu kimoja cha kuwapa vijana wa Mji wa Kale, ningechagua kitabu hicho kabla ya programu nyingine mpya.

Kwa sasa, anayeanza afanye lipi? Inategemea anakokwenda na alichonacho, na katika kila njia kuna kitu kinapotea.

Anayehitaji A1 peke yake, kwa viza ya mwenzi, anaweza kujisomea sarufi yote. Maneno na jinsia ayapeleke kwenye kadi, hali za nomino azielewe kwa Kiswahili, na mpangilio wa maneno asiupiganie. Heute ich gehe peke yake halimwangushi mtu A1, maana kinachopimwa zaidi ni kama ujumbe umefika. Fedha yake aiweke kwenye mazungumzo: vipindi vichache na mtu anayejua mtihani ulivyo, kuelekea mwisho. Atakachopoteza ni msingi imara wa kuendelea, na huyo mara nyingi atauimarisha akiwa huko.

Anayeelekea Ausbildung au uuguzi yuko kwenye hesabu nyingine. Kwake kosa la A1 ni deni la B1. Akijisomea bila kusahihishwa mwaka mzima, atalipa mwaka wa pili kwa kung'oa alichokipanda. Huyu anahitaji msomaji tangu mwezi wa pili au wa tatu, hata kama ni mtu mmoja anayepokea sentensi kumi kila wiki na kuzirudisha zikiwa na alama. Sentensi ziwe zake, kuhusu jirani yake, kazi yake, safari ya Likoni, si za kujaza pengo. Mwendo ubaki wake. Jicho liwe la mwingine. Kwa kuwa tarehe ya mkataba wa kazi haimngoji, ajue pia kwamba mwendo wake una mpaka, na nusu saa kwa siku huenda isimfikishe kwa wakati.

Anayekisema tayari kwa kusikia, wa Fort Jesus au wa ufukweni, asianzie A1 na watoto wa shule. Anahitaji miezi ya kuandika, na uvumilivu wa kuonekana mjinga katika lugha anayoisema vizuri. Wengi wao hushindwa hapo, kwenye kiburi, wala si kwenye sarufi.

Jambo moja la mitihani lingefaa lijulikane zaidi kabla mtu hajalipa popote. A1 ya Goethe hufanywa nzima. B1 imegawanywa moduli nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja inaweza kufanywa na kurudiwa peke yake, kwa alama 60 kwa 100. Anayejisomea akiwa Kuze anaweza kuanza na moduli za kusoma na kusikiliza, mambo ambayo simu imemfundisha kwa haki, na ada ya mwalimu akaitunza yote kwa moduli mbili zilizobaki.